Chuo cha Kiboko na Muhuri wa Mguu

— Mmemaliza kula?
— Tumemaliza!
— Mmemaliza shule?
— Tumemaliza!
— Mmepata kazi?
— ...
— Basi sogeeni. Nafasi ya kusikiliza mnayo.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakivaa sare, Pimbi alimaliza kidato cha nne. Alifaulu kiasi cha kuwafanya ndugu zake wote wageuke washauri. Shangazi akasema, "Somea sheria, mdomo unao." Mjomba akasema, "Somea uhandisi." Mama yake, aliyempenda kuliko wote, akasema, "Somea chochote unachopenda, mwanangu, ilimradi kiwe udaktari."

Siku hizo chuo kilikuwa kimoja tu, pale bwawani. Mwanzilishi wake alikuwa Kiboko. Mkuu wa chuo, Kiboko. Mwalimu wa masomo yote, Kiboko. Ukiuliza bodi, bodi ndiyo hiyo imelala majini.

Pimbi akaagwa kwa ngoma na vigelegele, akaenda. Akamkuta Kiboko ametokeza pua na macho. Pffuuu!

"Unataka kusomea nini, binti?"

"Ndiyo kwanza naangalia, Mkuu. Kozi gani zipo?"

"Zote."

"Udaktari?"

"Upo. Unaanza na kukata nyasi."

"Uhandisi?"

"Upo. Unaanza na kukata nyasi."

"Na sheria?"

Kiboko akapanua kinywa, kikawa kama mlango wa ghala. "Sheria ni moja. Nyasi za chuo hazionjwi na mwanafunzi. Karibu sana."

Pimbi akapewa mundu, akapelekwa mbugani. Huko akawakuta wanafunzi wenzake jasho likiwatiririka. Kata, funga, beba. Kata, funga, beba. Nyasi zikifika bwawani, Kiboko nyaka, nyaka, nyaka, zimekwisha. Leteni nyingine.

Jirani yake mbugani alikuwa Swala, mbavu zimemtoka zote.

"Dada, wewe unasomea nini?" Pimbi akamuuliza.

"Urubani."

"Na huu ni mwaka wako wa ngapi?"

"Wa tatu. Kuruka tunafundishwa mwaka wa mwisho."

"Mwaka wa mwisho ni upi?"

"Mkuu anasema ni ule utakapokuwa umeshajua kuruka."

Pimbi akamtazama miguu ile mirefu. "Lakini dada, si unaruka tangu uzaliwe?"

"Bila muhuri hakuhesabiwi," Swala akasema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto.

Kando yake Nungunungu alikuwa akisomea udaktari. Sindano anazo mwili mzima, ila naye alikuwa akingoja muhuri.

Na muhuri wenyewe ulikuwa mguu wa Kiboko. Vyeti vilikuwa vya udongo wa mfinyanzi, bapa kama chapati, na cheti kilikuwa halali pale tu Kiboko alipokikanyaga. Kila mwanafunzi alikuwa na udongo wake ameufunika kwa majani, ameuandika jina na kozi. Kila asubuhi Swala aliunyunyizia wake maji usije ukakauka kabla ya mahafali. Miaka mitatu anaunyunyizia. Kutoroka nako hakuwezekani. Umeagwa kwa ngoma, utarudi nyumbani na nini?

Siku moja, jua kali, Swala akaanguka na mzigo wake. Puu! Hakuinuka. Pimbi akakimbia kumpa maji. Kiboko akageuza shingo akiwa anatafuna.

"Amefeli kubeba. Atarudia mwaka."

Swala hakulia. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, kama atakuwa bado na nafasi ya kuunyunyizia udongo wake. Hapo Pimbi akaweka mundu chini, akawanong'oneza wenzake jambo. Akajipangusa macho, akavaa uso wa mwanafunzi mwema, akashuka bwawani.

"Samahani, Mkuu. Nikuite Daktari au Profesa?"

Kiboko akaacha kutafuna. "Kwa nini unauliza?"

"Nyumbani wananiuliza, nashindwa kujibu. Kule kwetu mwambani hata Kenge ni Profesa."

"Kenge?" Kiboko akatoka majini nusu. "Kenge huyu anayeramba mayai?"

"Profesa Kenge, Mkuu. Kuna ukumbi ndani ya mwamba. Unaingia mtu wa kawaida, unatoka Profesa."

"Nipeleke!"

Wakaenda. Pimbi mbele, tiki tiki tiki. Kiboko nyuma, gudu, gudu, gudu. Wakafika kwenye ufa ambao Pimbi mwenyewe akipita hubana pumzi kidogo.

"Mlango wenyewe ndio huu?" Kiboko akauliza.

"Ndio. Umefanywa mwembamba makusudi ili wajinga wasipite. Wao hukwama, wakaanza kupiga kelele. Msomi hapigi kelele."

Kiboko akaingiza kichwa. Akaingiza shingo. Akasukuma tumbo, ng'waa! Likaingia nusu. Kwenda mbele, hapana. Kurudi nyuma, hapana. Alitaka kupiga kelele, akakumbuka wajinga.

"Nimefika?" akanong'ona.

"Umefika, Mkuu. Mtihani unaanza. Swali la kwanza: inua mguu wa nyuma."

Akainua. Pimbi akapiga mluzi, fyuu! Wanafunzi waliokuwa wamejificha nyuma ya mawe wakaja mbio na udongo wao. Swala alitangulia, akichechemea, akaweka cheti chake chini ya mguu ule mkubwa.

"Weka!"

Pwaaa! Swala, rubani.

"Maksi ngapi?" Kiboko akauliza kutoka ndani.

"Mia kwa mia! Swali la pili: inua. Weka!"

Pwaaa! Nungunungu, daktari. Inua, weka, pwaaa! Ngiri, mhandisi. Kiboko hakuwahi kufaulu mfululizo namna ile. Alikuwa akikanyaga na mkia unamchezacheza kwa raha. Alipomaliza swali la arobaini, Pimbi akamwambia, "Hongera, Profesa. Subiri kuvikwa joho."

Akasubiri. Siku ya kwanza, joho halijaja. Siku ya tatu, midomo imekauka. Siku ya saba alikuwa amekonda hata mwamba ukamtema wenyewe, chwap! Akajikokota hadi bwawani. Mbuga tupu, miundu imetupwa chini. Hata hivyo, kila aliyepita alitangaziwa, "Niite Profesa!"

Swala alirudi kwao na cheti kichwani, baba yake akakitundika mahali ambapo hata mpita njia atakiona. Nungunungu alifungua zahanati. Wagonjwa walipona kwa kumwona tu. Pimbi peke yake hakuwa na cheti. Katika ile haraka ya kuwapanga wenzake foleni, alisahau kujifinyangia udongo wake.

— Imekwisha, au niongeze?
— Imekwisha!
— Mmejifunza nini?
— Tuambie!

Haya, shikeni. Kijana ukimaliza shule, usiulizeulize maswali. Jaza fomu, pokea mundu, inamisha kichwa. Mtazameni Pimbi aliyejifanya mjuaji: mpaka leo hana cheti, hana bosi, analala juu ya mwamba mchana kutwa anaota jua, ameshiba. Mama yake anaona aibu hata kumtaja.