Chumba cha Nyuma ya Ukumbi

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mtege masikio, maana hadithi hii haimaliziwi na msimulizi. Inamaliziwa na wasikilizaji.

Palikuwa na watu watatu katika mtaa mmoja wa Korogwe uitwao Kota. Zawena alijaliwa kumbukumbu: jambo likishaingia kichwani mwake halitoki. Fundi Semkiwa alijaliwa mikono: ubao uliopinda ukipita kwake hunyooka. Mwalimu Nakijwa alijaliwa subira ya kusikiliza: mtu mkali akikaa naye robo saa huondoka amepoa.

Kota ilijengwa zamani na kiwanda cha kamba. Nyumba thelathini na mbili, mistari minne, na katikati ukumbi mmoja wa watu wote. Kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi waliuziwa nyumba walimokuwa wakiishi, na ukumbi ukawa mali yao wote kwa pamoja. Wakaunda Umoja wa Wenye Nyumba, wakamchagua mwenyekiti, wakajiwekea zamu za kufagia na za kuteka maji.

Utaratibu wa ukumbi haukuandikwa popote. Mwenye shughuli alitundika kanga kwenye msumari wa mlangoni. Ukiiona kanga, unajua ukumbi umeshikwa. Na hakuna aliyeruhusiwa kuitundua isipokuwa yule aliyeitundika, au mtu wa nyumba yake. Watu wa Kota walijivunia sana utaratibu huo. "Sisi daftari la nini?" walikuwa wakisema. "Tuna msumari."

Zawena alizaliwa hapo, nyumba namba ishirini. Alikumbuka Jumamosi ambazo akina mama walipaka sakafu ya ukumbi nta nyekundu, na watoto wakakalia magunia ya kiwanda na kuburutana hadi ing'ae. Ndivyo ilivyong'arishwa sakafu ile, kwa makalio ya watoto. Alikumbuka harufu ya pilau iliyopikwa kwa kuni nyuma ya ukumbi, na foleni moja ndefu ya watoto wenye sahani, ambayo sikukuu ya Idi ilikuwa ile ile na Krismasi ilikuwa ile ile. Alimkumbuka baba yake, mtu mkimya, aliyecheza dansi mara moja tu kwa mwaka, siku ya kufunga kazi, na siku hiyo mama yake alikaa kwenye benchi akijifunika uso kwa aibu huku akichungulia katikati ya vidole.

Wazazi walikufa, kaka zake wakaiuza nyumba. Zawena akabaki Kota kama mpangaji, yeye na binti yake Sikudhani wa miaka minne, katika chumba cha uani cha nyumba namba kumi na tisa. Kisha mwenye nyumba akamwita.

"Mama Siku, usinione mbaya. Kijana wangu anaoa mwisho wa mwezi ujao, na bibi harusi hawezi kulala jikoni."

"Sikuoni mbaya, baba," Zawena alisema, akainamisha kichwa.

Kota nzima haikuwa na chumba kingine cha kupanga. Ilibaki kwenda Handeni kwa kaka yake, na Zawena alijua kwamba akishaondoka, hatakuwa na sababu ya kurudi tena.

Sasa turudi kwenye ukumbi. Miaka tisa kabla ya hapo, Bi. Mwanahija wa nyumba namba kumi na moja alitundika kanga kwa ajili ya arobaini ya mumewe, akapanda kwao Mlalo kuwaita ndugu. Huko akaugua, akafa. Habari zilifika Kota, watu wakalia, na kanga ikabaki msumarini. Nani aitundue? Mwenyewe hayupo. Nyumba yake ilishauzwa, watoto wake walishatawanyika. Ikapita wiki, ikapita miezi, ikapita miaka. Watu walifanya harusi zao chini ya turubai, hatua kumi kutoka kwenye ukumbi uliofungwa. Wageni wakiuliza, waliambiwa, "Ukumbi umeshikwa."

"Umeshikwa na nani?"

"Na marehemu."

Nyumba isiyofunguliwa huliwa. Mchwa waliingia, mabati yakalegea, mvua ikawa inaingia kama mwenye nyumba. Ndipo Bwana Mhando, aliyehamia namba tatu mwaka ule, aliposimama mkutanoni.

"Ndugu zangu, sisi tuna akili kweli? Tunaogopa kitambaa! Tubomoe, tupate mahali pa kuegesha magari."

Magari ya Kota yalikuwa matatu, na moja lilikuwa lake. Hata hivyo mikono ilianza kuinuka, maana watu walichoka kuoneana aibu.

Mzee Shekalaghe, mwenyekiti, alisema kwa huzuni, "Nilitamani ukumbi usimame. Ungesimama tungeweka mtunzaji, akae kile chumba cha nyuma bila kodi, kama enzi za kiwanda, ili usifungwe tena. Lakini ndiyo hivyo."

Zawena alikuwa amekaa mwisho kabisa, pamoja na wapangaji. Moyo wake uliruka. Chumba cha nyuma! Kitanda kimoja, dirisha moja, na Kota yote nje ya mlango. 

Aliyesimama alikuwa Mwalimu Nakijwa. Hakubishana na mtu. Alisema, "Mwenyekiti, naomba wiki tatu. Nipite nyumba kwa nyumba, nimuulize kila mmoja swali moja. Nikimaliza, mkitaka kubomoa, mbomoe kwa amani." Nani amnyime wiki tatu mwalimu aliyemfundisha kushika penseli? Mikono ikashuka.

Akapita. Nyumba thelathini na mbili, na kila nyumba chai; siku ya nne akasema tumbo lake limekuwa pipa. Swali lake lilikuwa, "Ndani ya ukumbi ule, wewe ulipata nini?" Kisha ananyamaza, anasikiliza. Mmoja alipata mke. Mmoja alipata jina, kwa sababu mama yake alishikwa na uchungu katikati ya mkutano. Kwa Bwana Mhando aliambiwa, "Mwalimu, mimi mgeni. Sikupata kitu." Sauti ya mkewe ikatoka jikoni: "Weee, baba! Ile picha ya harusi ya mama yangu uliyoitundika sebuleni, unadhani ilipigwa Ulaya?" Mhando akageuka kuitazama picha. Akamwaga chai kidogo kwenye kisahani, akainywa.

Basi, huo ulikuwa msaada wa Nakijwa. Muda aliupata, mioyo akailainisha. Lakini kanga bado ilikuwa mlangoni, na hakuna fundi wa Kota ambaye angepita chini yake.

Zawena akakumbuka. Alipokuwa darasa la tano, Bi. Mwanahija, ambaye hakujua kuandika, alikuwa akimwita barazani amwandikie barua za kwenda kwa binti yake wa mwisho. Zawena alifumba macho akaiona bahasha: Saumu Hoza, kwa mkono wa mganga wa zahanati, na jina la kijiji chini yake, lenye mstari ulionyooka alioupiga kwa rula. Akafunga vitu vichache, akambeba Sikudhani, akapanda milimani. Zahanati ilikuwepo. Saumu naye alikuwepo, ameketi uani anachambua viazi.

"Wewe ndiye mwandishi?" Saumu alisema. "Mama alituambia kuna mtoto Kota mwenye mwandiko wa karani. Karibu. Umefuata nini huku kwenye baridi?"

"Kanga ya mama yako, dada. Bado iko mlangoni."

"Kanga gani? Ile ya arobaini ya baba?" Saumu aliacha viazi. "Miaka tisa hamkuitoa?"

"Haikuwa yetu."

Saumu alicheka mpaka akainama. Alipoinua uso, hakuwa akicheka tena. Kesho yake waliteremka pamoja. Kota yote ilisimama mbele ya ukumbi. Saumu aliomba kwanza dua ya baba yake isomwe, ile iliyochelewa, ikasomwa pale pale mlangoni na kahawa ikanywewa. Kisha akaitundua kanga iliyopauka, akainusa, akaikunja. Huo ulikuwa msaada wa Zawena. Mlango aliufungua. Lakini paa lilikuwa linaning'inia, na mkutano ulibakiza siku nane.

Fundi Semkiwa aliingia, akatazama juu, akagonga hapa na pale. "Kenchi tano zinabeba paa, tatu zimeliwa," alisema. "Mtu akipiga chafya humu, paa linamfuata."

Umoja haukuwa na mbao. Semkiwa alikuwa nazo. Mbao za mvule, alizozihifadhi miaka kumi na moja chini ya kitanda, moja moja, kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe kwenye kiwanja chake ng'ambo ya mto. Wakati huo alikuwa akilala sebuleni kwa binti yake, na zana zake za kazi zikinyeshewa nje. Binti alipomwona anazitoa alishika kiuno.

"Baba! Hizo si ndiyo nyumba yako?"

"Nyumba yangu ina mtu mmoja. Ile ina wangapi?"

"Na wewe utalala wapi uzeeni?"

"Uzeeni? Kwani huu ni nini?" akajibu mzee, akajitwika ubao wa kwanza.

Alifanya kazi siku saba. Siku ya saba alipanda juu kabisa ya paa akarukaruka. Watu walipiga kelele, "Shuka wewe, Fundi!" Naye akajibu kutoka juu, "Likianguka nami naanguka nalo, mtapata sababu ya kutundika kanga!" Paa halikutikisika. Huo ulikuwa msaada wa Semkiwa.

Mkutano ukakaa humo humo ndani. Mikono iliinuka kutaka ukumbi ubaki, na wa mwisho kuinuka ulikuwa wa Bwana Mhando. "Gari langu lilale juani," alisema, "limezoea."

Wiki iliyofuata ukumbi ulifunguliwa kwa sherehe. Nta nyekundu ilipakwa, magunia yakaletwa, na watoto wasiowahi kuiona sakafu ile wakafundishwa na bibi zao kuburutana, na bibi hao wakacheka hadi mitandio ikadondoka. Sikudhani alipita mbele ya Zawena amekalia gunia, kwenye sehemu ile ile alipochezea dansi babu yake. Zawena alitazama pembeni.

Mzee Shekalaghe akagonga meza. "Mtunzaji atatoka katika hawa watatu. Chumba ni kimoja, na ni kidogo, hakigawanyiki. Kila mmoja aseme haja yake."

Mwalimu Nakijwa akasimama. "Mimi nyumba ninayo. Nakitaka chumba kwa ajili ya chekechea. Watoto wetu wanavuka barabara kuu kila asubuhi, na malori yale hayana macho. Ukumbi wenyewe haufai, kanga ikitundikwa watoto watakaa wapi?"

Fundi Semkiwa akasimama. "Nyumba yangu mmeikalia chini yake. Sikuikopesha, niliitoa, wala siidai. Ila mgongo wangu unauliza."

Zawena akasimama mwisho, sauti yake ikawa ndogo mpaka watu wa nyuma wakasema, "Paza, mama!" Akasema, "Mimi nina siku sita. Baada ya hapo nitakuwa mtu wa kwingine." Akakaa.

Kelele zikaanza. "Bila Zawena tungekuwa bado tunaangalia kanga!" "Na bila Fundi tungekuwa tunaangalia nyota!" "Ninyi, bila Mwalimu hapa pangekuwa na gari la Mhando!" Wengine walisema wenye shida wawekwe mbele, wengine wakasema chumba ni cha shukrani, si cha shida, mama mmoja akasema watoto hawakufanya kazi yoyote, lakini ndio watakaoishi hapa sisi tukiwa hatupo.

Zawena alimtazama Fundi, mzee aliyekaa ameshika kiuno. Akamtazama binti yake, ambaye kama wangebaki Kota, naye angevuka barabara ile. Alikihitaji chumba kuliko kitu chochote, na hakuweza kuwachukia wale wawili.

Mwenyekiti aliuchukua ufunguo, akautazama, akashindwa. Akauweka mezani, akaugeukia umma.

Nanyi mlioketi hapa ni umma vilevile. Nakijwa alitafuta muda, Zawena akafungua mlango, Semkiwa akasimamisha paa. Ondoa mmoja, na ukumbi haupo. Haya, semeni. Ufunguo mngemkabidhi nani? Na wale wawili wengine, wakiwa wamesimama mbele yenu, mngewaambia nini?