Beseni la Mama Atuganile

"Ukitaka mrithi, shika beseni." Mmeisikia wodini leo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza mimi, dereva mstaafu, beseni na urithi vinakutana wapi. Sogeeni basi, wanangu, maana ninyi ndio wauguzi wa kesho. Chanzo cha methali hii ni hiki.

Kituo chetu cha afya, huku milimani Rungwe, kiliongozwa miaka mingi na Mama Atuganile, muuguzi mwenye mkono mwepesi na jicho kali. Hakuna dawa iliyotoka wala mgonjwa aliyepelekwa hospitali kubwa bila yeye kusema. Tulimpenda, tukamtegemea, mpaka tukasahau kufikiri. Mwaka mmoja akaugua homa ya matumbo. Wauguzi wakawa wanapishana mlangoni kwake, lakini si kumjulia hali. Huyu anauliza dozi, yule anauliza kama amruhusu mgonjwa kwenda nyumbani. Siku moja nilimpelekea maziwa, nikamkuta amegeukia ukutani, analia.

"Ambakisye," akaniambia, "nilidhani nimejenga kituo. Kumbe nimejenga nguzo moja, nayo ndiyo hii inaumwa."

Alipopona akamchagua wa kumrithi, Sekela, binti mpole, bado mgeni kazini, aliyesikiliza wagonjwa zaidi ya alivyosema. Wakawa wanazunguka wote wodini, Mama Atuganile akimuuliza, "Wewe ungefanyaje?" Sekela alijibu sawasawa, lakini kila mara alimtazama mama usoni kwanza, kama mtoto anayetafuta jibu kwenye macho ya mwalimu. Hata alipopewa kuongoza zamu, hakuamua neno mpaka mama aitikie kwa kichwa.

Basi ikafika siku ya mnada, mvua ikinyesha tangu alfajiri. Lori lililobeba watu wa mnadani likateleza kwenye kona, likalala mtaroni. Adhuhuri ile majeruhi wakajaa barazani kwetu, na mkuu wa zamu ni Sekela. Mama Atuganile alikuwa mapumzikoni. Aliposikia akaja mbio, kanga imemlowa mwilini. Tulipomwona tukashusha pumzi, sote tukamkimbilia yeye. Yeye akatupita, akamwendea Sekela.

"Mkuu wa zamu, nishike nini?"

Sekela akamkodolea macho. "Mama, si wewe ndiye..."

"Nimekuuliza nishike nini, mwanangu."

Palikuwa na mzee mmoja anatapika. "Shika... shika beseni pale," Sekela akasema. Mama Atuganile akachukua beseni, akapiga magoti sakafuni, akamshika yule mzee kichwa.

Gari la wagonjwa lilikuwa moja, lina nafasi ya machela moja. Mtoto wa diwani, kijana mkubwa, alikuwa amevunjika mguu na yowe lake lilisikika mpaka barabarani. Kando yake alilala mwanamke muuza ndizi, kimya, hana hata mchubuko, anasema ana kiu tu. Sekela akamgusa tumbo, akampima presha, akapima tena.

"Baba Ambakisye," akaniita, "mpakie huyu."

Diwani akaja juu. "Huyo anazungumza! Mwanangu anakufa, wewe unapakia mtu asiye na kidonda?" Akamgeukia Mama Atuganile. "Mkuu, hebu mwambie huyu mtoto!"

Sote tukamgeukia mama. Mama Atuganile hakuwa amemgusa muuza ndizi. Hakujua tumbo lile lina nini. Neno lake moja lingemaliza ubishi, na lingemmaliza Sekela. Nikaona midomo yake ikifunguka, ikafumba. Kisha akainamisha macho kwenye beseni.

"Mheshimiwa," akasema, "mkuu wa zamu ameshasema."

Sekela akavuta pumzi. Safari hii hakutafuta uso wa mtu. "Baba, mguu wa mwanao naufunga sasa hivi, na maumivu nitayatuliza. Ataishi. Huyu anavuja damu ndani kwa ndani. Baba Ambakisye, ondoka!"

Nikaondoka. Hospitalini madaktari walimwingiza muuza ndizi moja kwa moja chumba cha upasuaji. Waliniambia tungekawia kidogo tungemzika. Kijana wa diwani nilimfuata safari ya pili, na mguu wake ukaunga vizuri.

Niliporudi nilimkuta Sekela amejiinamia kizingitini, Mama Atuganile amemkumbatia.

"Mama, na kama ningekosea?"

"Ungekosea mimi nipo, tukarekebisha wote. Ulitaka ukosee mara ya kwanza siku nimeshazikwa?"

Kesho yake wakati wa chai mhudumu mmoja akamtania. "Lakini mama, mkuu mzima kushika beseni la matapishi, mtoto anaamuru!"

Mama Atuganile akacheka. "Ukitaka mrithi, shika beseni. Ukishika vyote vingine wewe, yeye atashika nini?"

Neno hilo likatoka kituoni likafika sokoni, na siku hizi hata mafundi cherehani wanaambiana. Mama Atuganile alistaafu akaenda kulima migomba yake, Sekela akakaa kwenye kiti, wala hakuna aliyewahi kumgongea mama mlango kumuuliza dozi. Walikwenda kumjulia hali.

Kwa hiyo kesho wodini, mkimwona mkubwa wenu amekaa kimya pembeni na ninyi mnamtazama usoni, msidhani amewatupa. Wenyewe wanasema: ukitaka mrithi, shika beseni.