Fundi Kandika na Kichuguu Kilichokosa Pumzi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zinatoka kama zimepitia tundu la sindano? Vuteni pumzi mpaka mbavu zilie. Paukwa!

Pakawaaa!

Naam, hapo sawa. Na hiyo pumzi mliyovuta msiitoe ovyo. Hadithi hii inaitaka.

Hapo zamani za kale, nyasi zilipokuwa ndefu kupita pembe za pofu, palikuwa na kichuguu. Kichuguu kweli kweli, si hivi vya kujikwaa ukitoka kuteka maji. Ndani yake mchwa. Mchwa juu, mchwa chini, mchwa kwa mchwa. Na wote hao mama yao mmoja! Mama Malkia, amelala chumbani, tumbo kama gunia la viazi, anataga asubuhi, anataga jioni. Ukigombana na jirani, umegombana na ndugu wa tumbo moja. Ukitaka kuoa... hapana, hapo tusifike, kuna watoto.

Katika kichuguu hicho aliishi Fundi Kandika. Kazi yake udongo. Anauchukua kidogo, anautia mate, anaubandika, pa! Anaulainisha kwa kichwa. Ukikauka hapo, hata jembe linaomba radhi.

Kandika, kama mchwa wenzake, hakuwa na macho. Tundu alilijua kwa upepo. Upepo ukimgusa kipapasio tu, moyo wake paa! Maana alijua, panapopita upepo leo, kesho atapita siafu. Na kwa siafu, mchwa ni kitoweo kisicho na mfupa.

Basi Kandika halali. Anapapasa ukuta huku, anapapasa kule, anaimba:

*Tundu, ziba! Ufa, ziba!*
*Leo kiraka, kesho ukuta!*

Siku moja aliziba mlango wa chumba cha Mama Malkia, wahudumu wako nje na chakula. Mama akanguruma humo ndani, "Nani amenifungia kama chungu cha asali?" Kandika akabandua udongo, akaomba msamaha, na alipokuwa anaomba msamaha kipapasio chake kikagusa upepo. Akaacha msamaha njiani, akaenda kuziba.

Mmoja tu ndiye aliyemshinda. Mtoto, jina lake Kishindo. Walimwita Kishindo kwa kelele zake. "Kaka Fundi, nilishe! Kaka Fundi, nibebe!" Na udongo ukiwa bado mbichi, yeye hupitisha kichwa, tobo! Kandika anaziba, mtoto tobo! Kandika anaziba, mtoto tobo!

"Bi Chembe! Njoo umchukue mwanao!"

Bi Chembe ndiye aliyelea watoto wote. "Si mwanangu, ni mdogo wako. Na anakupenda wewe, sijui amekuona nini."

"Hajaniona. Sote vipofu."

"Ndiyo maana anakupenda."

Siku zikaenda. Hata siku hiyo ikafika.

Ko! Ko! Ko! Ko!

Alikuwa Afande Nyundo, askari wa mlangoni. Kichwa chake kikubwa kuliko mwili. Akiinama kusalimia, lazima wamwinue. Kukiwa na hatari hupiga kichwa hicho ukutani, ko-ko-ko, kichuguu kizima kikatetemeka.

"Kuna nini, Afande?"

"Siafu!"

"Wengi?"

"Ndugu yangu, ardhi yenyewe inatembea!"

Mate yakamkauka Kandika. Na fundi wa udongo akikaukiwa mate, huo ni msiba. Akameza, akatafuta, akayapata. Akaanza. Mlango wa kuni, pa! Tundu la chini, pa! Tundu la kando, pa! Huku nje sauti inakaribia: cha-cha-cha-cha. Miguu hiyo. Cha-cha-cha-cha.

"Fundi huyoo!" mchwa wakashangilia.

Alipomaliza akatega vipapasio. Chini shwari. Kando shwari... Lo! Upepo! Unatoka juu!

Katikati ya kichuguu palikuwa na dohani, bomba pana lililopanda kutoka bustanini, walikolima uyoga wao, mpaka kileleni. Dohani hiyo haikuwahi kuzibwa. Kwa nini? Hakuna aliyekumbuka. Waliikuta, wakaiacha.

Kandika akabeba tonge la udongo, huyo, anapanda. Bi Chembe akamdaka mguu.

"Kaka, hilo si tundu. Hiyo ni dohani."

"Ina upepo?"

"Inao."

"Basi ni tundu lenye jina."

"Wazee waliiacha wazi."

"Wazee walisahau."

"Vizazi vyote hivyo?"

"Usahaulifu nao hurithiwa, dada. Nipishe!"

Akapanda. Akabandika, pa! Akaongeza, pa! Upepo ukapungua, ukawa uzi, ukakatika. Ile cha-cha-cha nayo ikafifia, ikawa kama inatoka nchi ya mbali.

"Sasa," akasema Kandika, "hata harufu haipiti."

Na kweli. Haikupita.

Wakacheza ngoma. Wakaruka, wakazunguka. Kishindo akapanda mgongoni kwa Kandika, "Kaka Fundi! Kaka Fundi!" Kandika akajisikia mzito kwa sifa.

Kumbe si sifa.

Sasa tulieni kidogo. Kila kilicho hai ni jiko. Wewe jiko, mimi jiko, tena jiko la harusini, msicheke. Kuni zake ni chakula, sukari hasa. Lakini kuni bila hewa haziwaki. Tunavuta hewa safi, waliosoma huiita oksijeni, inakutana na sukari humo mwilini, inaiunguza polepole, bila moshi wala mwali. Tunapata nguvu, tunapata joto. Yanabaki maji. Na inabaki hewa iliyotumika, kabonidayoksaidi, jina refu kuliko mchwa mwenyewe. Hiyo lazima itoke, na safi iingie. La sivyo, jiko linazima.

Na kichuguuni majiko yalikuwa mangapi? Nani atahesabu! Hata bustani ilikuwa jiko. Mchwa hawashibi mti hivi hivi. Mti ni sukari iliyofungwa mafundo, meno peke yake hayafungui. Huupeleka bustanini, uyoga ukafungua fundo kwa fundo. Na uyoga nao unapumua, unatoa joto. Wote hao ndani, na dohani imezibwa.

Kandika hakuyajua hayo. Kandika alijua udongo.

Akapapasa ukuta. Umelowa. Moyo paa!

"Maji! Kuna ufa! Maji yanaingia!"

"Huko nje kiangazi, kaka," akasema Bi Chembe.

"Basi ni ujanja wa siafu! Wote kazini! Kandikeni!"

Wakakandika. Na jiko likifanya kazi zaidi hula hewa zaidi. Kuta zikazidi kulowa, tone, tone, tone. Wakazidi kukandika.

*Tundu, ziba... ufa... ziba...*

Wimbo wenyewe ukaanza kusinzia.

Afande Nyundo akaja anayumba. "Fundi... mbona kichwa kizito?"

"Afande, kichwa chako kizito tangu kuzaliwa."

"Leo... kimezidi." Akaketi. Afande, ambaye haketi!

Kutoka chumbani Mama Malkia akaguna, "Nani amewasha moto chini ya kitanda changu? Mimi nataga mayai au napika mayai?"

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo Kandika akashtuka. Mzaha wa Mama, na hakuna aliyecheka! Akatega sikio. Kitu kingine kilikosekana. Nini? Nini?

Kelele za Kishindo.

Bi Chembe akaja polepole, amebeba kitu. "Mguse, kaka."

"Amelala."

"Mguse."

Akamgusa. Vipapasio vimelala. Miguu imekunjwa.

"Nimempa tonge, hapokei," akasema Bi Chembe. "Nimemwita, haitiki. Na safu nzima ya wenzake ndivyo walivyo. Kandika, wanakufa."

"Kuna tundu mahali!" Kandika akapiga kelele. "Kuna sumu inaingia! Nitalipata! Nitaliziba!" Akakimbia. Akapanda dohani, akabandika bila kupima, pa! pa! pa! Udongo ukamtiririkia kichwani, ukamtiririkia kifuani, ukamvika mbavu zote kama kanzu. Na lile joto likaukausha palepale. Akataka kuimba. Hakuweza. Akataka kushuka. Miguu ikagoma. Akaachia.

Pu!

Akaanguka mbele ya Bi Chembe. Akasikia, kwa mbali sana, meno yanamkwangua mbavuni. Kwaru. Kwaru. Kipande cha udongo kikabanduka, na hewa ikamwingia, hiyo hiyo iliyochoka, lakini ikaingia. Kikabanduka cha pili. Akakohoa.

"Umenifanya nini, dada?"

"Nimekuzibua."

"Kunizibua? Mimi nina matundu?"

"Unayo. Mbavu zote, kulia na kushoto. Ndiko tunakopumulia."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanguliwa, kaka!"

Kandika akajipapasa. Tundu. Tundu. Tundu. Maisha yake yote amepigana na matundu, kumbe amevaa safu mbili! Akasema kwa sauti ndogo, "Na siafu hawajawahi kuingia humu?"

"Wataingiaje? Hawatoshi."

Tone likamdondokea kichwani. Kandika akaligusa. Akagusa na unyevu wa pumzi yake mbavuni. Sawasawa.

"Bi Chembe... haya maji hayatoki nje. Haya ni sisi. Hili joto ni sisi. Hakuna sumu iliyoingia. Tumeitoa sisi wenyewe, nikaifungia ndani." Akainua kipapasio kuelekea dohani. "Hizi ndizo mbavu za nyumba. Nimeziba mbavu za nyumba!"

Akapanda tena. Si kupanda, ni kujikokota. Afande Nyundo akajikokota nyuma yake.

"Fundi, ukitoboa, siafu wamo juu. Sikia."

Wakasikiliza. Cha-cha-cha. Hapo hapo, nyuma ya udongo.

Ukifungua, siafu. Usipofungua, Kishindo. Afanyeje, jamani? Akajipapasa ubavuni, akalipima lile tundu lake dogo. Kisha akagusa udongo. Hakubomoa. Akatoboa, polepole, tundu kama lile. Tobo.

Taya la siafu likaja, kwap! Likagonga ukingo. Likajaribu kulia, likajaribu kushoto. Kichwa hakipiti. Likauma udongo. Na udongo ulikuwa wa Kandika, ule wa jembe kuomba radhi. Meno yakateleza.

"Haingii!" akasema Afande.

"Hewa je?"

Wakangoja. Fu... Nyembamba. Fuu... Joto likaanza kutoka, likimpita yule siafu usoni kama halina habari naye.

"Pumzi haina kichwa, Afande! Inapita! Kaa nyuma yangu, nitoboe."

Akatoboa. Tobo. Tobo. Tobo. Mguu mmoja wa siafu ukapenya, Afande akaukata, kwap! Tobo. Dohani ikawa chujio. Kisha wakashuka, wakatoboa na chini vilevile, maana joto linapanda likitoka juu, na safi lazima ipate pa kuingilia. Juu fuuu, chini fiii. Juu fuuu, chini fiii. Kichuguu kikaanza kupumua kama mgonjwa aliyerudi.

Kandika akaenda kwa Bi Chembe. Hakuuliza. Akakaa karibu na Kishindo, akaweka kipapasio juu yake. Akangoja. Watoto wengine wakaanza, mmoja huku, mmoja kule, "nilishe... nilishe..." Kishindo kimya. Akangoja. Afande aliyepigana na siafu akageuza uso ukutani. Upepo ukapita, ubaridi kidogo, ukamgusa Kandika, na kwa mara ya kwanza maishani moyo wake haukufanya paa. Ulikuwa na hofu nyingine.

Kisha kitu kikamkamata mguu.

"Kaka... Fundi... nibebe."

Akambeba. Akalia, na mchwa hana macho ya kulilia, sijui machozi yalitokea wapi.

Si wote walioamka. Ile safu ya ukutani, iliyokuwa mbali zaidi na dohani, haikuamka. Kandika aliwabeba mwenyewe, mmoja mmoja, na hakuna aliyemwimbia fundi huyoo.

Siafu walizunguka, wakauma, wakachoka, wakaenda zao. Cha-cha-cha, ikafifia. Safari hii waliisikia ikififia kweli.

Keshoye Kandika akarudi kazini. Akapata ufa mpana karibu na mlango, siafu mzima angepita na mzigo wake. Akaukandika, pa! Akaulainisha. Na Kishindo naye huyo, kapitisha kichwa. Tobo!

"Kishindo!"

Kandika akachota udongo. Akaunyanyua. Upepo ukamgusa kipapasio. Akasimama. Akalipima lile tundu. Kubwa mno, akaliziba nusu. Akalipima tena. Akashusha udongo, akaliacha. Na wimbo wake ukageuka:

*Tundu, pima! Ufa, ziba!*
*Siafu abaki nje, pumzi ipite!*

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, zibeni. Lakini nawaambia wakubwa kwa wadogo: si kila tundu ni ufa. Kilicho hai lazima kiingize na kitoe. Ulichokikuta wazi, uliza kwanza kinapitisha nini. Ukiziba ufa umeokoa ukuta; ukiziba pumzi umechimba kaburi.

Hadithi yangu imeishia hapo mlangoni, tundu likiwa nusu. Na ile pumzi niliyowaambia muitunze, haya, itoeni sasa.

Fuuu.