Aibu ya Almari

Imepokewa kutoka kwa wazee wetu, nao waliipokea kwa wazee wao, kwamba katika mji mmoja wa pwani alikuwapo fundi mcha Mungu akiitwa Sirajudini, Mola amrehemu. Kazi yake ilikuwa kununua na kuuza vyombo vya nyumbani vya zamani: makasha ya njumu, makabati, na zile almari ndefu za msaji ambazo bibi zetu walitunzia nguo na siri zao. Alivipangusa vumbi, akavikaza bawaba, akawauzia watu wanaohamia nyumba mpya.

Fundi huyu alikuwa na ada iliyowachosha wanunuzi. Hakuuza chombo kabla ya kuitaja aibu yake. Mtu akivutiwa na kabati linalong'aa, yeye huinama akamwonesha unga wa bungua, yule mdudu mla mbao, miguuni mwake. Akilisifu kasha, huambiwa kitasa chake ni cha juzi. Na mara nyingi mnunuzi hata hajauliza! Wenye masihara wakawa wanasema, "Ukienda kwa Sirajudini kununua kabati, utarudi na aibu tupu." Naye akicheka na kuwajibu, "Aibu ya mali isemwe, aibu ya mtu isitiriwe. Nikiyachanganya hayo mawili nimeangamia."

Basi Mwenyezi Mungu akamletea mtihani ambamo hayo mawili yamechanganyika.

Alikuwapo mjane mmoja, Bi Mwanashehe, mwanamke wa swala na saumu, mwenye mwana mmoja tu. Ilikuwa desturi ya wacha Mungu wa zama zile kujiwekea sanda mapema, ikakunjwa pamoja na karafuu maiti na kufungiwa, ili siku ya siku ikifika watu wasihangaike. Sanda ya Bi Mwanashehe ilikaa ndani ya almari yake. Mwanawe, Twalibu, alikuwa ndiyo kwanza amebalehe, na akili ya umri huo mnaijua. Aliona kitambaa cheupe kinafichwa, akadhani mama anaifanyia ubahili bafta nzuri. Idi ilipokaribia naye hana kanzu mpya, aliubandua ubao wa nyuma ya almari, akakitoa kitambaa, akakipeleka kwa mshonaji.

Asubuhi ya Idi akatokea na kanzu yake, ananukia maiti tangu kichwani hadi miguuni, na mwenyewe hana habari. Mama alimtazama. Kisha akauchukua mrashi, akamnyunyizia marashi mpaka ile harufu ikatulia, akambusu kwenye paji la uso na kumwambia, "Nenda ukaswali, mwanangu." 

Baadaye alimwita Fundi Sirajudini aitie almari ubao mwingine, akamweleza yaliyotokea. "Fundi, hii ni amana," alisema. "Sanda nitapata nyingine, hata kwa jirani. Lakini mwana akishaitwa mwizi mtaani, jina hilo halifuliki. Usimwambie mtu. Akija siku moja akalisema mwenyewe kwa kinywa chake, hapo mpe neno langu hili." Akamwambia neno lenyewe, na fundi akaliweka moyoni.

Kijana akasafiri kutafuta maisha. Mama akazeeka, akamwuzia fundi ile almari, kisha akaitika wito wa Mola wake. Almari ikakaa dukani miaka mingi, imeegemea ukuta.

Siku moja wakaingia mtu na mkewe waliohamia mjini, wakitafuta almari ya kale. Mke, Bi Kamaria, alikuwa mjuzi wa kuchagua: alifungua, akafunga, akagonga mbao kwa kidole, akavuta harufu za ndani. Hii ilimchosha kwa bungua, ile kwa rangi mpya iliyofunika ufa. Alipofika kwenye almari ya Bi Mwanashehe, uso wake ukakunjuka. "Bwana wangu, hii ndiyo!" Akaufungua mlango, na karafuu maiti ikanukia.

Mumewe akaijua harufu hiyo. Alikuwa ndiye Twalibu, ndevu zimemjaa, wala fundi hakumtambua. Huko ugenini, katika maziko ya kwanza aliyohudhuria, aliinusa harufu ile juu ya sanda, akafahamu kanzu yake ya Idi ilishonwa kwa kitambaa gani. Tangu siku hiyo hakupata raha. Je, mama alijua? Je, amekufa akiwa radhi naye? Hakuwa na wa kumwuliza.

Fundi akaigeuza almari kama ada yake. "Dada yangu, aibu yake ni hii. Ubao wa nyuma si wake wa asili. Uliwahi kubanduliwa."

"Ulibanduliwa na nani?"

"Almari ni halali. Niliinunua kwa mwenyewe, kwa ridhaa yake."

"Sikukuuliza hilo, ami. Mlango una kitasa, na mtu kaingilia mgongoni. Nani?"

"Hilo si aibu ya almari, mama. Nisamehe."

Bi Kamaria akajifunga buibui vizuri. "Wewe unayesifika kwa kusema kila kitu, leo umekuwa bubu? Bwana wangu, twende. Mali ya wizi haiingii nyumbani kwangu."

Watu waliokuwamo dukani wakageuka, mmoja akaguna. Jina ambalo Sirajudini alilijenga kwa umri wake wote likawa linaondoka mlangoni pamoja na yule mwanamke. Neno moja tu lingemwokoa, tena neno la kweli. Akalimeza. Iliuma, msidhani haikuuma. "Mwenyezi Mungu akupe iliyo bora kuliko hii," alisema, akaanza kuirudisha almari ukutani.

Twalibu angeweza kutoka kimya kimya. Mama amekufa, fundi hamjui, mke hamshuku. Lakini alimwona mzee wa watu akibeba mzigo usio wake, na haya ikaishinda hofu yake.

"Kamaria, rudi," alisema. "Ubao huu niliubandua mimi. Hapa ndani mlikuwa na sanda ya mama yangu. Niliiiba nikashonesha kanzu ya Idi."

 Fundi akaketi juu ya kasha, na machozi yakamshuka huku anacheka.

"Umechelewa, mwanangu. Nilishaanza kuogopa nitakufa nalo."

"Nalo nini, mzee wangu?"

"Neno la mama yako. Aliniambia, 'Siku atakapolisema mwenyewe, mwambie radhi zangu anazo, tangu asubuhi ile. Na mwambie kanzu ilimkaa vizuri.'"

Twalibu akalia mbele za watu, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Bi Kamaria akamwomba fundi msamaha, naye akamsamehe, akiongeza kwamba bawaba ya chini pia imelegea kidogo.

Wakaichukua. Husimuliwa kwamba kwenye rafu ya juu Twalibu aliweka sanda yake mwenyewe, na chini yake kanzu za Idi za wanawe, zimeshonwa mapema. Na mlango wa almari ile hawakuwahi kuutia ufunguo.

Wapenzi katika imani, mkienda kuchagua almari ya kale, igeuzeni muutazame mgongo wake, hiyo ni haki yenu. Ndugu yenu mwacheni ageuke mwenyewe. Mola atusitiri kama alivyositiriwa Twalibu, atupe na kinywa cha kusema kama alivyosema, kabla hatujavishwa kile kitambaa ambacho hakina mfuko wala mshonaji.