Viatu Mlangoni kwa Bi Kindi

Hapo zamani za kale, wakati kila mnyama alikuwa na nyumba yake, ufagio wake na jirani wa kumsengenya, aliishi Bi Kindi. Alikuwa mjane, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu, na mkia wake haukujua kutulia. Mama wa mtaa walipokwenda mashambani ng'ambo ya mto, waliwaacha wana wao kwake mpaka jioni.

Na bustani yake, wanangu, mngeingia msingetaka kutoka. Watoto walisuka vititia kwa makuti, wakakimbia navyo mpaka vikazunguka, vrrr. Walitia kamba kwenye vifuu vya nazi, wakavipanda na kutembea juu yake, ko, ko, ko. Walikata mabua ya majani ya mpapai wakayafanya tarumbeta, puuu, puuu, hata majirani wakaziba masikio.

Lakini siku ninayoisimulia, hakuna aliyepuliza tarumbeta. Watoto walicheza kimya, kila mmoja akitupia jicho njia.

Walikuwa wanamkumbuka Madoa, mtoto wa Kanga. Siku nane kabla, Fisi alipita akasema anamchukua akamfundishe kazi za nyumbani. Bi Kindi alisita, lakini nani angemwambia Fisi hapana? Madoa akaenda, kititia chake mkononi. Hakurudi. Bi Kindi alipokwenda kumuulizia, alimkuta Fisi barazani anachokoa meno.

"Amekimbia huyo, mtukutu," Fisi alisema. "Kawaambie kwao wakamtafute."

Mama Kanga alitafuta vichakani mpaka sauti ikamkauka. Bi Kindi hakuthubutu kumtazama usoni. Alikuwa amemtoa mtoto wa mwenzake kwa mikono yake mwenyewe, na jambo hilo lilimkaa kifuani kama donge la ugali.

Basi, siku hiyo alasiri, hodi ikapigwa. Fisi huyo, amevua makubadhi yake na kuyapanga vizuri mlangoni, maana alijigamba kwa adabu.

"Hujambo, Bi Kindi?"

"Sijambo, bwana."

"Watoto wamenawiri." Aliwatazama mmoja mmoja. Alimtazama Sindano, mtoto wa Nungunungu. Akamtazama Kipipa, mtoto wa Kobe. Kwa Tuli, mtoto wa Digidigi, macho yake yalikawia. "Kesho saa kama hii nitakuja na shemeji yangu Chui. Anahitaji mtoto wa kumsaidia kazi. Nichagulie mmoja."

Mkia wa Bi Kindi ulisimama wima. "Nichague mimi, bwana?"

"Wewe unawajua. Usipochagua, atachagua Chui mwenyewe, na Chui hajui kuchukua mmoja. Na ukiwaambia mama zao, nitaanza na wewe."

Akavaa makubadhi yake, akaondoka taratibu, kwata, kwata, kwata.

Jamani, hofu ni kitu kibaya. Bi Kindi alikaa chini. Watoto walikuwa wamesikia yote.

"Bibi, utanitoa mimi?" Tuli aliuliza. "Mimi ndiye mdogo."

"Nyamaza, mwanangu."

"Madoa naye ulimwambia anyamaze."

Bi Kindi aligeuza uso, macho yake yakamwangukia Kipipa. Kobe yule alikuwa ametengeneza mwanasesere wa kigunzi cha hindi, na sasa alikuwa anamkatia viatu vya gome la mgomba. Alivipanga vyote viwili mbele ya kijumba cha majani.

"Vya nini mlangoni?" Bi Kindi aliuliza.

"Ili watu wajue mwenyewe yumo ndani," Kipipa akasema.

Bi Kindi akashtuka. Alikumbuka jambo ambalo alikuwa ameliona mara nyingi bila kulitia maanani. Fisi, kabla ya kupiga hodi popote, alitazama viatu vilivyovuliwa mlangoni. Akiona vya mtu mzima mwenye nguvu, alikohoa akapita zake. Akiona vidogo tu, aliingia.

"Wanangu," alisema, "leteni magome yote ya mgomba. Leteni makumbi ya nazi na kamba. Tunamshonea mtu viatu."

"Mtu gani, bibi?"

"Sijui. Ila awe mkubwa."

Walifanya kazi jioni ile, na kesho yake tangu asubuhi. Sindano alichomoa mwiba mgongoni, ukawa sindano ya kushonea. Kipipa alilala juu ya magome ili wapimie, wakahesabu urefu wake tena na tena. Nyayo zikajazwa makumbi. Vilipokwisha, kiatu kimoja kilimzidi Fisi urefu, pua mpaka mkia. Wakaviburuta mpaka mlangoni, vikaziba nusu ya kizingiti.

Kisha Bi Kindi akawapa watoto mabua ya mpapai na mtungi mkubwa mtupu. "Ingieni ndani. Pulizeni humu mtungini, wote kwa pamoja, polepole, kama mtu anayekoroma. Mkisikia nimeangusha ufagio, pulizeni kwa nguvu zote. Na atakayelia, alie baadaye."

Alasiri ikafika. Bi Kindi alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, ili mikono yake ipate kazi. Kwata, kwata. Fisi akatokea njiani, na nyuma yake Chui, asiye na kishindo hata kidogo.

Walivua makubadhi yao. Wakayaweka chini. Ndipo walipoona wameyaweka kando ya nini.

"Bi Kindi," Fisi alisema polepole, "viatu hivi vya nani?"

"Taratibu, bwana, nakuomba. Mgeni amelala."

Ndani ya nyumba kukasikika: *Ngrooo... ngrooo...* Mlango ukatetema.

Masikio ya Fisi yalilala nyuma. "Mgeni wa wapi?"

"Mjomba wake Madoa, wa upande wa mbali. Amekuja kumtafuta mpwa wake. Amekula, amejilaza kidogo."

Lakini Chui hakuwa wa kutishwa kwa mkoromo. Aliinama akanusa kile kiatu. Akapitisha ukucha kwenye mshono. Moyo wa Bi Kindi ulipiga du, du, du, akaogopa Chui atausikia.

"Kiatu hiki kibichi," Chui alisema. "Hakijavaliwa. Hata vumbi hakina."

Ndani mkoromo ulikatika, maana watoto walikuwa wamesikia, na pumzi ziliwaishia. Chui akamtazama Bi Kindi, akatabasamu, akanyanyua mguu avuke kizingiti.

"Ni kweli, bwana Chui," Bi Kindi akasema. Hakujua maneno yanatoka wapi. "Tumevishona leo, zawadi yake. Alipovijaribu vilimbana. Havikuingia hata vidole. Amekasirika kidogo, ndiyo maana nasema tusimwamshe."

Mguu wa Chui ulibaki juu.

"Ila ninyi ndio mliokaa na Madoa mwisho," Bi Kindi akaendelea. "Ni haki aonane nanyi. Ngojeni nimwite."

Na ufagio ukamtoka mkononi. Mimi sijui kama aliuangusha au vidole vilikufa ganzi, na yeye mwenyewe hakuwahi kujua.

*PUUUUUUUU!*

Chui aliruka juu ya ua bila kuaga. Fisi alimfuata akipiga kelele, "Si mimi, si mimi, ni shemeji!" Walikimbia pekupeku, miiba ikiwachoma, vumbi likapanda mpaka likawafunika.

Watoto walitoka, wengine wakicheka, wengine wakilia. Tuli alimkumbatia Bi Kindi mguu, asiuachie.

Ndipo Bi Kindi alipoyaona makubadhi ya Fisi, yamebaki pale pale alipoyavua. Ukanda wa moja ulikuwa umekatika na kuungwa upya kwa kipande cha ukuti, ukuti uliosukwa vizuri, misuko minne, kwa mkono wa mtoto. Bi Kindi ndiye aliyeufundisha mkono ule kusuka.

Jioni mama waliporudi, hakuficha kitu, hata kosa lake. Alimpa Mama Kanga lile kubadhi lililoungwa. Mama Kanga aliufungua ule ukuti wa kititia cha Madoa polepole, akaunyoosha, akaushika kifuani, na hakuna aliyemuuliza tena alikokimbilia mwanawe. Mama wote wakashika michi, wakaenda kwa Fisi. Walikuta nyumba tupu, mlango wazi, na hata leo hajarudi.

Viatu vikubwa navyo viliachwa pale mlangoni. Kila msimu watoto huvishona upya, na kila mara huviongeza kidogo, kwa sababu mjomba, wanasema, bado anakua.

Nami nimekifikisha kisa mpaka kizingitini, nakivua hapo: anayewatisha wadogo naye ana hofu yake, na mdogo anayemtazama kwa makini ataiona.