Nani Alimfungulia Sekela Kitabu

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, vishikwambi vilipoanza kupanda milima ya Rungwe, palikuwa na shule ya msingi katikati ya mashamba ya chai. Katika shule hiyo alisoma binti aitwaye Sekela. Sekela alikuwa haoni. Surua ilimchukua macho angali anabebwa mgongoni. Alilelewa na babu yake, Mzee Mwakalobo, mfugaji, mtu wa maneno machache.

Kila asubuhi babu alimshika mkono akampeleka shule. Kila asubuhi Sekela aliketi dawati la mbele. Wenzake wakifungua vitabu, yeye alikunja mikono. Wenzake wakiandika, yeye alikunja mikono. Wenzake wakifanya mtihani, yeye aliambiwa atoke nje akaote jua, na ninyi mnaijua Rungwe, jua lenyewe la kubahatisha.

Siku moja babu akamwambia mwalimu wa darasa lake, Mwalimu Gwakisa:

"Mwalimu, huyu mnamkalisha tu. Nyumbani angalau ananichambulia maharage. Mwaka huu ukiisha hajajua kusoma, namchukua moja kwa moja."

Mwalimu Gwakisa alitazama chini. Alikuwa ameshika chaki tangu ujana wake, lakini mtoto asiyeona hakujua amfundisheje.

Na kumbe kabatini mle ofisini kilikuwapo kishikwambi kinachosoma kwa sauti! Shirika moja lilikitoa kwa ajili ya watoto wasioona, na walimu wote wakaitwa mjini kufundishwa namna ya kukitumia. Mkufunzi wao alikuwa Bi. Tumpale, mwanamke mwepesi wa ulimi, anayejua kazi yake. Aliwafundisha ukumbini, umeme upo, picha zinapita ukutani mbiombio. Walimu waliandika. Walimu walitikisa vichwa. Walimu walipiga picha ya pamoja, wakala wali kwa kuku, wakarudi mlimani. Kishikwambi kikafungiwa kabatini, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyeelewa.

Baada ya miezi kadhaa Bi. Tumpale akapanda kuja kuona matunda ya mafunzo yake.

"Kinatumika?" akauliza.

"Kinatumika sana," akajibu mwalimu mkuu.

"Sana," wakaitikia wengine.

Bi. Tumpale akafurahi, akaanza kufunga mkoba wake. Ndipo Mwalimu Gwakisa akasimama.

"Hakitumiki, dada yangu. Mimi sikuelewa chochote. Nilitikisa kichwa kwa sababu aliyekaa mbele yangu alitikisa chake. Kuna mtoto anaondolewa shule kwa sababu yangu, na mimi nanyamaza."

Mwalimu mkuu alimkata jicho. Mmoja alicheka. Lakini Mwalimu Subilaga, mwalimu kijana wa darasa la tatu, akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi sikuelewa." Na mwingine naye akasema. Na mwingine.

Bi. Tumpale aliumia, msidhani hakuumia. Siku ile ya ukumbini alikuwa amerudi nyumbani akijisifu. Angeweza kupanda gari akaondoka, maana waliomtuma walitaka shule zote zipate somo lilelile kwa muda uleule. Hakuondoka. Alivua koti akasema, "Nipelekeni darasani kwa huyo mtoto."

Wakamweka Sekela mbele ya kishikwambi. Bi. Tumpale akamshika kidole, akakitembeza juu ya kioo, na mashine ikaanza kusoma. Lo! Ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana kwenye ndege. Darasa zima likavunjika mbavu. Kisha mvua ikaanguka juu ya bati, na hata ile sauti ya kigeni ikazama.

"Mwalimu," akauliza Sekela, "huyu anasema nini?"

Bi. Tumpale akamkalisha Sekela pembeni, akachuchumaa mbele yake. "Niambie wewe, mwanangu. Nimekosea wapi?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwuliza Sekela swali la namna hiyo. Maneno yakatoka kama maji.

"Anakimbia. Anameza maneno. Halafu ninyi mnanishika kidole mnakipeleka mnakotaka. Mimi nikitoka nyumbani kwenda kisimani, babu hanishiki kidole. Niacheni nipotee, nirudi mwenyewe. Ndivyo ninavyojua njia."

Bi. Tumpale alizichukua karatasi za somo lake, zile alizozitumia mjini, akaziweka chini ya kabati. Akaanza upya. Hakufundisha tena kwa picha za ukutani. Aliwafunga walimu kanga machoni, akawapa kishikwambi mikononi, ndani ya madarasa yao wenyewe, kwa vitabu vyao wenyewe. Mwalimu mkuu alipotea kwenye kioo mpaka jasho likamtoka. Mwalimu Gwakisa alifungua hesabu akidhani ni sayansi. Sekela alikaa katikati yao akiwasikiliza. "Taratibu, mwalimu," alisema. "Umepita. Rudi kidogo." Walimu wakapotea, wakarudi, wakapotea, wakarudi, mpaka mikono ikajua njia.

Waliomtuma Bi. Tumpale wakapiga simu: "Uko wapi? Shule nyingine zinakusubiri." Akajibu, "Nikienda huko na somo lile la kwanza, nitakuwa nimefungia vishikwambi vyote makabatini." Hawakumwelewa. Mkataba wake ulipokwisha, hawakumpa mwingine.

Lakini ile sauti ya kigeni je? Hiyo aliishughulikia Mwalimu Subilaga. Alisema, "Nitasoma mimi. Asikie Kiswahili cha kwao." Alfajiri, kabla mvua haijaamka, alijifunika blanketi na kukisomea kishikwambi kitabu kizima, nacho kikinasa sauti yake, ukurasa baada ya ukurasa. Kitabu cha sayansi kina jogoo wa jirani akiwika katikati ya mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Alimaliza Kiswahili. Alimaliza hesabu. Alimaliza sayansi. Kifua kikambana, koo likavimba, daktari akamwambia apumzike asiseme. Hakupumzika, maana mtihani ulikuwa umekaribia. Akasoma na maswali ya mtihani, walioutunga walimu wenyewe, kisha sauti ikakatika. Mpaka leo anaongea kama mtu anayenong'ona, na darasani anafundisha kwa kugonga ubao ili watoto wanyamaze wamsikie.

Siku ya mtihani ikafika. Sekela hakutolewa nje. Alivaa hedifoni masikioni, mvua ikapiga bati itakavyo. Alitembeza kidole mwenyewe, akasikiliza, akaandika majibu kwa kibodi ndogo ya kishikwambi, ambayo vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuizoea. Hakuna aliyemnong'oneza. Mzee Mwakalobo alisimama dirishani, kofia mkononi, maji yakimchuruzika shingoni, na hakuondoka.

Matokeo yakasomwa siku ya kufunga shule. Sekela hakuwa wa kwanza. Hakuwa wa mwisho pia. Alikuwa katikati, kama watoto wengine. Mliosoma mnajua utamu wa kuwa katikati pale ambapo hukuwa mahali popote.

Babu yake aligeuka akatoka pale uwanjani. Watu wakadhani amechukia. Aliporudi alikuwa akivuta kamba, na mwisho wa kamba alikuwapo mtamba mweupe mwenye mabaka meusi, mzuri, amenona, hajazaa bado.

"Ndaga," alisema, na kwao hiyo ndiyo asante. "Nilikuwa tayari kumwondoa mtoto huyu shule. Nilikosea. Huyu ni wa aliyemfungulia kitabu. Ni mmoja tu, na sichinji ili mgawane. Semeni ni nani."

Mtamba akang'oa majani.

Bi. Tumpale, aliyekuwa amekuja kama mgeni kwa nauli yake, akasema kwanza. "Mzee wangu, sitajifanya sitaki. Kazi sina, watoto ninao. Nililivunja somo langu mwenyewe nikalijenga upya, na hilo ndilo lililonitoa kazini. Bila mafunzo yale mapya, kishikwambi kingekuwa kabatini hata leo."

Mwalimu Gwakisa akasogea mbele. "Dada yangu, nakuheshimu. Lakini ulikuwa umeshafunga mkoba wako. Ungeondoka na uongo wetu. Nilijivua nguo mbele ya wenzangu, na mpaka leo wapo wanaoniita 'Sikuelewa'. Bila aibu yangu, ungejenga upya kitu gani?"

Mwalimu Subilaga alifungua kinywa. Watu walilazimika kusogea ili wamsikie. "Mimi nilikuwa naimba kwaya," alinong'ona. "Daktari hajui kama sauti itarudi. Ninyi mlimpa Sekela mlango. Alichokikuta ndani ni sauti yangu."

Watu wakaguna. Wengine wakasema apewe Subilaga. Wengine wakasema hapana, Gwakisa. Akina mama walimwonea huruma Bi. Tumpale. Mzee Mwakalobo akaishika kamba, hajui aipeleke upande gani.

"Babu," akasema Sekela. "Na mimi je?"

Watu wakacheka kwa upendo. Sekela hakucheka.

"Kila mmoja amesema alivyonifundisha. Sawa, walinifundisha, na nawashukuru. Lakini nani aliwaambia wakiache kidole changu? Nani alikaa katikati yao wakapotea, akawarudisha? Mimi nilikuwa mwalimu wao, na hakuna aliyenitaja."

"Mjukuu wangu," akasema babu, "ng'ombe wangu wote si ndio wako?"

"Walikuwa wangu siku ile uliposema unaniondoa shule?" akauliza Sekela. "Nikiwa na wangu mwenyewe, nitasoma sekondari hata kama moyo wako utageuka tena."

Mwalimu Gwakisa alimtazama Sekela, akamtazama Subilaga, akatazama chini. Bi. Tumpale alijifuta macho kwa upindo wa kanga, lakini hakusema, "Basi, mpe yeye." Wala Subilaga hakusema. Wala Gwakisa. Kila mmoja alimpenda mtoto yule, na kila mmoja alikuwa na haja yake.

Mzee Mwakalobo akaigeukia hadhira, kama ninavyowageukia ninyi sasa, kamba mkononi, akauliza, nami nawauliza mlioketi hapa, wenye watoto na msio na watoto: aliyelijenga somo upya akapoteza kazi, aliyekubali aibu, aliyetoa sauti yake, au mtoto aliyewafundisha walimu wake? Je, kamba ile ilistahili kuwekwa mkononi mwa nani?