Volti Tatu Zinamtosha

Hebu jengeni picha hii pamoja nami, ndugu zangu, nanyi watoto mlioketi kwenye mkeka hapa mbele. Ni Jumamosi asubuhi. Juu ya bati la banda la kuku yamepangwa mawe manane. Sisemi mawe ya mlimani. Nasema mawe ya redio, betri, zile ndogo tunazotia kwenye tochi na rimoti. Yamelazwa kwa mstari, yanapigwa jua. Na chini yake amesimama baba mmoja mwenye kifua kipana, mikono kiunoni, anayasubiri yapate nguvu kama mtu anayesubiri maharage yaive.

Nani hapa hajawahi kuanika mawe juani? Naona akina mama kule nyuma mnacheka. Mnajijua.

Baba huyo alikuwa na mashine ya kusaga nafaka. Mashine ile ikinguruma, jogoo wa jirani huwika bure, hakuna anayemsikia. Sasa fikirini mtu aliyefanya kazi hapo miaka kumi na mitano, akiwapigia wateja kelele juu ya ngurumo hiyo: "LETE DEBE! SHIKA GUNIA!" Sauti yake ilizoea. Hata akirudi nyumbani aliirudisha vilevile. Akiomba chumvi mezani, nyumba ya tatu walijua kwamba chumvi inatakiwa. Hakuwa na hasira, jamani. Alikuwa na sauti tu.

Na alikuwa na binti wa miaka tisa, mpole, mwenye sauti ya kunong'ona.

Mjomba wa binti huyo alikuwa amemletea mashine ya gemu, zile zinazochomekwa kwenye televisheni, ikiwa na padi mbili za kuchezea. Moja ina waya wake. Ya pili haina waya, inakula mawe mawili. Na kweli inakula! Ukifunga goli inatetemeka mkononi kwa furaha, na kila ikitetemeka, mawe yanakonda.

Mawe yalipokwisha, wiki nzima mtoto alicheza peke yake kwa ile ya waya. Halafu siku ya Ijumaa akaja akasimama karibu na kiti cha baba yake, akikunja pindo la gauni.

"Baba, keshokutwa tukitoka kanisani... tunaweza kucheza wawili."

"NINI?"

"Gemu. Mimi na wewe."

"TUTACHEZA!" akasema baba, akapiga meza mpaka glasi zikaruka.

Moyoni alifurahi kuliko alivyoonyesha. Kwa nini? Kwa sababu kwa miezi mingi binti yake akihitaji kitu alikuwa anamwambia mama, na mama ndiye anamwambia baba. Daftari, kupitia kwa mama. Kiatu kilichotoboka, kupitia kwa mama. Baba alikuwa ameliona jambo hilo, na hakujua limetoka wapi. Leo mtoto kaja mwenyewe. Akajiambia, mchezo huu hautaharibika kwa ajili ya mawe mawili.

Basi ndiyo maana akayaanika.

"Baba watoto," mkewe akamwambia akipita na ndoo, "umeyapanga kama dagaa. Utayaunga na nyanya?"

Baba hakujali. Alipoona jua halisaidii, akayang'ata kwa meno, moja moja, kama tulivyofundishwa na babu zetu. Padi ikawaka dakika kumi, ikazima. Ndipo akapiga paji la uso wake kwa kiganja.

"UMEME UMEJAA UKUTANI, SISI TUNAANIKA MAWE!"

Akaleta adapta ya king'amuzi kilichokufa. Akaikata ncha, akamenya waya kwa meno, akatoa nyuzi mbili ili azifunge pale mawe yanapokaa. Binti akaitwa kushika padi.

Hapo nataka mtulie kidogo mnielewe. Baba huyu hakuwa mjinga wa umeme. Tena mwaka uliopita mota yake ya kusagia iliungua, na fundi wa mota akamwambia, "Umeme ulikuwa mdogo, ndio umekuulia mota." Somo hilo lilimwingia mpaka kwenye mifupa. Tangu siku hiyo alijua kwamba kinachoharibu vitu ni umeme mdogo. Umeme ukiwa mwingi, ni baraka. Kwa mashine yake alikuwa na haki. Je, kila kitu duniani ni mashine ya kusaga?

Binti alikuwa ameona namba. Ndani ya kifuniko cha padi paliandikwa tatu. Mgongoni mwa adapta paliandikwa kumi na mbili.

"Baba, hapa pameandikwa..."

"SHIKA VIZURI HAPO!"

"Lakini hii ni tatu, na ile ni..."

"SHIKA, MAMA, TUNAMALIZA!"

Mtoto akashika.

Baba akachomeka ukutani. Taa ya padi ikawaka kwa mwanga ambao haijawahi kuwaka nao tangu ilipotoka kiwandani. "UNAONA?" Kabla hajamaliza neno, pakasikika *ti!*, ukatoka moshi mwembamba kama wa kijiti cha kiberiti, na harufu ya plastiki ikajaa sebuleni. Taa ikazimika.

Binti hakulia. Aliifuta padi kwa pindo la gauni lake, akaiweka mezani taratibu.

"Basi, Baba. Nitacheza peke yangu. Si kitu."

Ndugu zangu, "si kitu" hiyo, nani kati yetu hajawahi kuisikia? Mtoto akipiga kelele, bado anakutegemea. Akisema "si kitu", ameanza kufunga mlango.

Baba akaihisi. Akachukua padi kwa mkono mmoja, mtoto kwa mkono mwingine, wakaenda kwa mama mmoja fundi wa redio na simu, mwenye kibanda kando ya soko.

"Shikamoo, mama," akasema binti.

"Marahaba, mwanangu." Fundi akaifungua padi, akainusa kwanza, kama mpishi anavyonusa sufuria. "Ee! Nani kakimwagia kitoto hiki uji wa moto?"

"NI MIMI!"

"Polepole, mzee wa mashine. Nipo hapa hapa mbele yako."

Akaangalia kwa lenzi yake. "Una bahati. Kimeungua hiki kidude cha mlangoni tu, pale umeme unapoingilia. Kimekufa kikiwalinda wenzake. Nitabadilisha." Akamgeukia mtoto. "Mwanangu, jiwe moja ni volti moja na nusu. Mawili?"

"Tatu."

"Baba yako alileta ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na ukutani mnazo mia mbili na zaidi. Sasa kitu cha tatu kitakunywaje mia mbili?" Akaanza kufanya kazi huku akiongea. "Lazima umeme upozwe. Hamjasikia wanavyosema, kituo cha kupoza umeme? Kule kwenye nyaya kubwa unasafiri ukiwa mkali, mtu hausogelei. Ukikaribia mji, unapozwa. Ukikaribia nyumba, unapozwa tena. Na ukikaribia kitu kidogo kama hiki, unapozwa mara ya mwisho. Adapta kazi yake ndiyo hiyo."

"SI UTAKUWA UMEPUNGUA NGUVU?" baba akauliza.

"Umepungua ukali, mzee. Kazi unafanya."

Akachonga vijiti viwili kutoka mpini wa ufagio, kila kimoja urefu na unene wa jiwe la betri. Akakaza skrubu mwisho wa kila kijiti, akaunga waya, huu wa chanya, huu wa hasi, akavilaza mahali pa mawe. Akatoa adapta yenye kitufe cha kuchagua, akakisogeza mpaka kwenye tatu, akachomeka. Taa ikawaka. Ndogo, ya kijani, imetulia.

Binti akaitazama taa ile. Akamtazama baba yake. Akaitazama tena adapta.

"Mama," akamwambia fundi, "una nyingine kama hii?"

"Ya nini tena, mwanangu?"

"Ya kumwekea baba."

Bisibisi ikaanguka. Fundi akainama chini ya meza kuitafuta, na alikaa huko muda mrefu kuliko bisibisi inavyohitaji.

Na baba? Alikuwa amesimama juu ya mtoto wake kama nguzo, na kwa mara ya kwanza alijiona kwa macho ya aliyeko chini. Akazikumbuka zile namba mbili. Mtoto alizisoma. Mtoto alijua. Maneno yake hayakupata njia ya kupita.

Akachuchumaa mpaka nyuso zao zikawa sawa. Sauti aliyoitafuta hakuwa ameitumia siku nyingi. Ikatoka ikiwa na kutu.

"Asubuhi ulitaka kuniambia nini?"

Binti akashtuka. "Baba, unaumwa koo?"

"Siumwi. Najipoza."

Mtoto akacheka. Kisha akaanza kumweleza, kuhusu ile tatu na ile kumi na mbili. Akamaliza hiyo akaingia kwenye jino linalotikisika. Kutoka kwenye jino akaingia kwa rafiki yake aliyehama shule, na jinsi sasa anavyokula peke yake wakati wa mapumziko, jambo ambalo hata mama hakuwa amelisikia. Njia nzima, kutoka sokoni mpaka nyumbani, baba hakusema ila "ehe" na "kisha?"

Jumapili mchana mama alidhani mumewe ametoka, kwa kuwa hakumsikia. Akachungulia sebuleni. Alikuwapo, ameketi sakafuni na padi yake, amefungwa tisa bila, anacheka kimyakimya mpaka machozi yanamtoka.

Mnamcheka baba huyu. Chekeni, ni halali yenu. Lakini sasa niwaulize. Nyumbani kwako, ni nani anayepitisha maombi yake kwa mtu mwingine ili tu asikufikie wewe? Darasani kwako, mwalimu, ni mtoto gani anayejua jibu na mkono wake umelala juu ya dawati?

Sisi tunapenda kusema, "Mimi ndivyo nilivyo, sauti yangu ndiyo hii, lakini nawapenda." Najua unawapenda. Hata yule baba alipenda. Upendo wake ulikuwa wa kweli, mwingi, volti mia mbili na zaidi, nao uliunguza kitu alichotaka kukiwasha. Mtoto hapungukiwi na nguvu zako. Anazihitaji kwa kipimo anachoweza kukipokea.

Mungu aliyewasha jua, anapotaka kusema na mtu, hamwashii jua sikioni. Anashuka. Anakuja kwa kipimo chetu, tuweze kusimama mbele zake bila kuungua. Kama Yeye anajipoza kwa ajili yetu, sisi ni nani tukatae kujipoza kwa ajili ya mtoto wa miaka tisa?

Basi nendeni kwa amani. Na mambo mengine yote niliyosema mkiyasahau, sitawalaumu. Nawaomba mkumbuke hili moja tu: mtoto akianza kusema, mwacheni amalize.